Magunzi Ambayo Hatukuyaandika

Vijana wa ofisi,

Mliniomba niandike kumbukumbu za kazi, na najua mlichotaka: kurasa mbili za hekima za mama mzee, mzibandike ukutani karibu na mashine ya fotokopi. Hekima sina. Nina hasira, na nimeona niiandike sasa nikiwa nimetoka tu kustaafu, kabla sijazoea kulala mchana na kuwa mtu mpole. Mkitaka kujua nani alipandishwa cheo na mwaka gani, Bwana Wekesa ana faili. Mimi nitawaeleza vile ofisi yetu ilivyojifunza kuogopa korti, na vile woga huo ulivyomwangukia mjane mmoja wa kule Kwanza, nje ya Kitale, ambaye alituuliza swali moja tu.

Nilianza kazi Kitale mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa stoo ya nafaka, mpaka stoo ikafungwa na tukaambiwa tukajaribu bahati kwingine. Bwana Wekesa, mwenye kampuni hii ya ukaguzi, alinichukua kwa sababu wateja wake wengi walikuwa watu wa mahindi, na wakaguzi wake walikuwa wasomi wa vitabu ambao wangehesabu gunia la makaa kama la mahindi, bora tu liwe limeandikwa mahindi. Siku ya kwanza nilifika na sketi ya kanisani na viatu vya kisigino. Mzee Barasa, mkaguzi mkuu, aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akasema kazi ya leo ni kupanda juu ya magunia, kwa hivyo niamue. Nilirudi nyumbani nikavaa suruali ya mume wangu na kuikaza na kamba ya katani. Tulihesabu mpaka saa tisa, na nikashuka nikiwa mweupe wa vumbi kuanzia nyusi mpaka viatu.

Mzee Barasa alikuwa mtu wa Bungoma, mfupi, mwenye koti moja la kijivu ambalo mifuko yake ilikuwa ofisi kamili. Ndani kulikuwa na futi ya fundi, penseli tatu, daftari, na bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, unakichoma kwenye gunia na nafaka inatiririka mkononi bila kulifungua. Alinifundisha kwa wiki mbili na sijawahi kufundishwa vizuri zaidi, hata kwenye zile semina za Eldoret ambako mtu anavalishwa jina lake shingoni kama ng'ombe wa maonyesho. Usinywe chai ya mteja kabla ya kuhesabu. Usimuulize mwenyekiti kuna magunia mangapi, muulize mpagazi alibeba kwa siku ngapi. Rundo la magunia usilihesabu ukiwa chini, kwa sababu ukiwa chini unaona ukuta tu. Na juu ya hayo yote, sheria moja ambayo aliirudia mpaka nikachoka.

“Andika kire umeona,” alisema, kwa ule ulimi wake uliogeuza l kuwa r, “si kire umeambiwa. Ukiambiwa, andika ni nani amekuambia.”

Kwa miaka ya kwanza tulifanya hivyo. Ripoti zetu zilikuwa fupi na zilisomeka. Kisha ikaja kesi ya malori.

Mteja alikuwa msafirishaji wa miwa huko Bungoma, mtu wa kofia kubwa na sauti kubwa. Alisema ana malori saba, na benki iliyotaka kumkopesha ilingoja ripoti yetu. Mimi na Mzee Barasa tulienda tukaona manne. Matatu tukaambiwa yako safarini. Tulirudi wiki iliyofuata, bado yako safarini. Tulirudi mara ya tatu, na jameni, safari gani hiyo ya miwa isiyofika kiwandani? Mzee Barasa akaandika kwenye ripoti: tuliona malori manne, matatu hatukuyaona. Sentensi yenyewe ilikuwa ndiyo hiyo. Benki ikaisoma, ikajiondoa, na yule mtu akatupeleka kortini kwa kumharibia jina.

Kesi hiyo ilikaa miaka minne. Mara faili haionekani, mara hakimu amehamishwa, mara wakili wa upande ule ana matanga. Mzee Barasa alipanda kizimbani akiwa na koti lake la kijivu, akaulizwa kama anaweza kuapa kwamba malori hayo hayapo popote duniani. Akajibu kwamba hakuandika hayapo, aliandika hakuyaona. Wakili akamzungusha asubuhi nzima na mzee akarudia jibu lilelile mpaka karani wa korti akaanza kusinzia. Mwishowe mshtaki mwenyewe aliacha kuja na kesi ikafa kimya kimya. Hatukushindwa. Lakini kwa kugharamia ushindi huo, Bwana Wekesa aliuza ploti aliyokuwa amenunua kando ya barabara ya Webuye ili ajenge nyumba ya uzeeni. Sitaki kumwonea. Nilikuwapo siku alipotia sahihi ya kuuza, na alisoma karatasi mara mbili kabla ya kushika kalamu.

Ila aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Bwana Wekesa alianza kuona unyasi kila mahali. Mzee Barasa alistaafu mwaka ule akarudi kwake Bungoma, na pahali pake pakaingia wakili. Si kwamba wakili alipewa meza. Alikuwa na ofisi yake ng'ambo ya barabara, lakini hakuna ripoti iliyotoka kwetu bila kwanza kuvuka barabara na kurudi. Ilikwenda ikiwa kurasa sita, ikarudi kumi na nne. Ilikwenda ikisema jambo, ikarudi ikisema kwamba kuna uwezekano jambo likawa, kwa kadiri tunavyofahamu, bila kuathiri haki za mtu yeyote.

Na juu ya kila faili, kabla hatujatoka ofisini kwenda kuhesabu hata debe moja, Bwana Wekesa aliandika swali kwa wino mwekundu: Nani anaweza kutushtaki? Hilo swali ndilo lililonimaliza mimi. Hakuuliza mali iko au haiko. Aliuliza nani ana wakili, basi.

Mtasema nazidisha. Haya, sikilizeni ya mwokaji mikate wa Webuye. Mtu mwaminifu, anaamka kabla ya majogoo, anaandika kila kitu kwenye daftari la watoto wa shule. Paa lake lilivuja na risiti za miezi miwili zikaloa zikawa uji. Alituonyesha ule uji kwenye karatasi ya plastiki, ameutunza, maskini. Lakini yeye alikuwa ameomba mkopo kwa benki kubwa yenye mawakili wa Nairobi, na Bwana Wekesa akaona benki ndiyo itakayotushtaki mambo yakienda mrama. Mwokaji akapewa ripoti chafu kama ya mwizi. Tanuri jipya hakulipata. Alinisalimia mjini mwezi uliofuata kwa adabu zote, na hiyo adabu ilinichoma kuliko matusi.

Kwa hivyo msafi akachafuliwa kwa sababu ya benki yenye mawakili. Sasa nitawaambia mchafu alivyosafishwa.

Huko Kwanza kulikuwa na chama cha ushirika cha wakulima. Wanachama walileta mahindi baada ya kuvuna, yakawekwa kwenye stoo moja ndefu ya mabati. Chama kilikuwa na desturi yake. Siku ya mkutano mkuu, mkaguzi anasoma ripoti mbele ya watu, kwa Kiingereza, na katibu anatafsiri. Ikishasomwa, katibu anafungua daftari. Anayetaka kutoa mahindi yake stooni anaandika jina kabla watu hawajatawanyika. Asiyeandika, mahindi yake yanabaki mpaka mvua za kupanda. Mnaona basi uzito wa ripoti hiyo. Watu walikuwa wakiisikiliza ili waamue, siku hiyohiyo, kubaki au kutoka.

Nilienda kuhesabu mara ya kwanza nikakuta rundo zima limefunikwa turubai, kingo zimefukiwa mchanga. Mwenyekiti akaniambia yamewekwa dawa ya wadudu, nikifunua nitakufa. Ni kweli dawa hiyo huua, nilikuwa karani wa stoo, naijua. Nikarudi baada ya siku kumi, imewekwa tena. Hao wadudu wa Kwanza walikuwa na matibabu kuliko sisi binadamu. Mara ya tatu sikupiga simu. Nilisikia mwenyekiti amekwenda mazishini Kachibora, nikafika asubuhi, mlinzi wa stoo akanifungulia bila neno. Turubai lilikuwa limekunjwa pembeni. Nikapanda.

Juu kulikuwa na mahindi mazuri, makavu, yanalia ukiyatikisa. Pembeni pia. Nikashukia katikati, nikasogeza magunia mawili, nikachoma lililokuwa chini. Bambo lilitoka na unga wa rangi ya kahawia na vipande vyepesi. Magunzi. Gunia limejazwa magunzi makavu ya mahindi yaliyopukuchuliwa, likashonwa vizuri kabisa. Nikachoma lingine. Nilichoma kumi na moja nikiwa nimepiga magoti kwenye lile shimo, na kumi yalikuwa magunzi. Mlinzi wa stoo alikuwa chini akitazama mlango, na niliposhuka aliniomba tu nisiandike jina lake.

Mwenyekiti alikuja ofisini kesho yake. Mtu mpole sana, alimsalimia kila mmoja, akauliza watoto wako aje. Kisha akaweka kadi ya wakili wake mezani, akaigeuza ili niweze kusoma.

“Madam Wanjiru, andika unachotaka,” akasema. “Lakini ujue jina langu lina mwenyewe.”

Niliandika. Magunia kumi na moja yalichomwa, kumi yalikuwa magunzi, rundo lote lifunguliwe mbele ya wanachama. Sentensi tatu ambazo Mzee Barasa angezitia sahihi. Zikavuka barabara. Jioni tukaitwa, mimi na Bwana Wekesa, na wakili wetu akatueleza akiwa ametulia kama daktari. Kumi na moja kati ya maelfu si ushahidi. Mwenyekiti atasema magunzi yaliwekwa kuzuia unyevu. Atatushtaki, atatuvuta miaka minne mingine, na safari hii hakuna ploti ya kuuza. Nikauliza, na wanachama je? Si kuna hatari nao watushtaki tukificha?

Bwana Wekesa alinitazama kwa huruma, ndiyo, kwa huruma, kama mtu anayechelewa kuelewa. “Watatushtaki na nini?” akauliza. “Mwenye nguvu mpishe, Madam.”

Hapo ndipo ningepaswa kuondoka. Sikuondoka. Nilikuwa na mtoto chuoni na mume mgonjwa, na kila mtu ana sababu zake, hizo zangu haziwasaidii watu wa Kwanza. Ripoti ilirudi ikiwa na maneno haya kwenye ukurasa wa tisa, kwa Kiingereza cha kupendeza: kwamba idadi ya magunia imetokana na kumbukumbu za uongozi, na kwamba kutokana na mazingira ya uhifadhi, wakaguzi hawakuweza kuithibitisha kwa ukamilifu. Wakili alijivunia sentensi hiyo. Alisema inatulinda pande zote. Mwenyekiti hawezi kulalamika kwamba tumemtaja, na siku mambo yakiharibika tutasema si tuliwaambia. Na kweli, ilitulinda. Sijawahi kuona mwavuli mkubwa hivyo ukiwafunika watu watatu tu.

Asubuhi ya mkutano Bwana Wekesa alipiga simu kwamba tumbo linamsumbua. Nikaenda kusoma mimi. Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa kanisa, hema mbili na viti vya kukodi, wanawake wengi wameketi kwenye nyasi na leso. Nilisoma ukurasa wa tisa nikikimbia. Katibu akatafsiri kwa maneno machache: mkaguzi anasema amepata kumbukumbu za uongozi na mahindi yamehifadhiwa. Nilisikia. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na nilisikia, na sikumsahihisha.

Ndipo Mama Nasimiyu akasimama. Sikumjua siku hiyo, nilikuja kumjua baadaye. Alikuwa mjane wa miaka miwili. Marehemu mume wake alimwachia ekari tatu, na mashemeji zake, wakiongozwa na mkubwa wao, walikuwa wamempa msimu mmoja awaonyeshe kama mwanamke peke yake anaweza kutunza shamba na mavuno. Alikuwa amevuna magunia arobaini, zaidi ya kila mmoja wao. Yote yalikuwa stooni, na ile stakabadhi ya stoo ndiyo iliyokuwa ushahidi wake nyumbani. Mahindi yakipotea, shamba linarudi kwa mashemeji. Haya yote alikuwa nayo kichwani aliposimama na kuuliza kwa sauti ya kawaida tu.

“Madam, hiyo lugha imetupita. Tuambie na Kiswahili. Mahindi yetu iko ndani ama haiko?”

Watu wakanigeukia. Nilikuwa na jibu la neno moja. Mwenyekiti alikuwa ameketi mstari wa mbele amekunja nne, na mimi nikaona koti la kijivu kizimbani, nikaona ploti ya barabara ya Webuye, nikafungua mdomo na hiki ndicho kilichotoka: “Mama, ni kama ripoti ilivyosema. Idadi inatokana na kumbukumbu za uongozi.”

Akasema asante. Akaketi. Watu wakapiga makofi, na daftari lilipofunguliwa walioandika majina hawakufika kumi, wengi wao marafiki wa mwenyekiti. Mama Nasimiyu hakuandika. Alisema, nilimsikia akimwambia jirani yake, kama kungekuwa na shida si mkaguzi angesema.

Mvua zilipokuja stoo ilifunguliwa. Wa kwanza kwenye foleni walipata mahindi ya juu na ya pembeni. Waliobaki walipata magunzi. Mwenyekiti alikuwa amesafiri, wengine walisema Uganda, wengine Nairobi, kadi ya wakili wake ikabaki kwenye droo yangu. Sisi ofisini tulisubiri barua ya mashtaka. Wakili alisema tusiwe na wasiwasi, ukurasa wa tisa upo. Wasiwasi kweli haukuwa na sababu. Barua haikuja, kwa kuwa mnyonge hana haki, na wakili pia hana.

Aliyekuja ni Mama Nasimiyu mwenyewe, na viatu vimejaa udongo wa kupanda. Bwana Wekesa alipoona jina la chama kwenye stakabadhi aliita wakili mbio, mbio. Kumbe mama hakuja kudai mahindi. Alisema mashemeji wameitisha kikao cha familia. Wanasema amechezea mavuno, aliyaweka pahali pabaya kwa ujinga, au ameyauza akaficha. Alitaka barua moja kutoka kwetu. Barua iseme kwamba aliuliza mbele ya watu, na kwamba mkaguzi alikuwa anajua. Hayo tu.

Wakili aliandika barua hiyo kwa saa moja na nusu. Ilisema kwamba, bila kukiri lolote na kwa kadiri tunavyofahamu, kampuni haina pingamizi kwa madai ya mwanachama kwamba alihifadhi mazao katika chama. Ikapigwa muhuri. Mama Nasimiyu alituombea baraka akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi, akaiweka ile barua mezani pangu ikiwa imekunjwa vizuri vilevile. Shemeji mkubwa alikuwa ameisoma kwa sauti mara mbili, akasema hata hawa watu hawamjui mama huyu. Kikao kimeahirishwa hadi Jumamosi, na hiyo ndiyo ya mwisho.

“Barua ni mzuri, iko na muhuri,” akaniambia. “Lakini hakuna mtu ameongea ndani yake.”

Siku iliyofuata nilikwenda Bungoma kwa Mzee Barasa. Nilimkuta akitengeneza ua la kuku. Nilimweleza kila kitu, wakili, ukurasa wa tisa, mkutano, mashemeji, na nadhani nilitaka aniambie pole. Aliendelea kukaza waya. Nilipomaliza aliuliza: “Urichoma ama hukuchoma?”

Nikasema nilichoma.

“Basi kwa nini umekuja kwangu?” Akaniita ndani nikanywa chai, na hatukuongea tena juu ya jambo hilo. Aliniuliza tu kama siku hizi ofisini bado tunatumia penseli.

Nilimwambia Bwana Wekesa nitakwenda kwenye kikao cha familia. Alisema nikifungua mdomo nimekiri, na nikikiri nimeiuza kampuni. Wakili alivuka barabara mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kufanya kabla wala baadaye, akanisihi nisiseme neno “nilijua”. Niseme chochote, lakini si hilo. Niliwaambia nimewasikia. Nilikuwa nimechoka, wanangu. Nilikuwa nimechoka na sentensi zenye milango ya kutorokea.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa shemeji mkubwa, Kwanza, kwenye makochi yenye vitambaa vilivyofumwa. Wanaume sita, mzee mmoja wa kanisa, na Mama Nasimiyu kwenye kigoda karibu na mlango, mahali anapoketi mtu ambaye hana uhakika kama bado ni wa nyumba. Mimi, Wanjiru, mtoto wa watu waliohamia upande wa Cherangany kutoka Murang'a, nikapewa kiti katikati ya familia ya Kibukusu na chai ambayo safari hii niliinywa. Shemeji mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayetaka kujua. Akauliza: “Madam, wewe ndio ulisoma ile ripoti. Siku hiyo ulikuwa unajua, ama ulikuwa hujui?”

“Nilijua,” nikasema. “Nilichoma magunia kumi na moja na mkono wangu, kumi yalikuwa magunzi. Shemeji yenu aliniuliza wazi nikamzungusha. Yeye hakukosea. Aliamini mkaguzi, na mkaguzi ni mimi.”

Mzee wa kanisa alivua miwani akaifuta. Kisha shemeji mkubwa akasema, akiwa anamwangalia Mama Nasimiyu na si mimi, kwamba kama watu wa vitabu walijua na bado wakadanganya, mwanamke na jembe lake angefanya nini. Shamba likabaki kwake. Walikubaliana hata kumpa mbegu za msimu ule. Ilichukua dakika chache, na jibu langu lilichukua chini ya hapo. Dhiki yote ya huyo mama ingeweza kuzuiwa pale kwenye uwanja wa kanisa, kwa neno moja la Kiswahili.

Najua mnataka kujua kama tulishtakiwa. Ng'o. Bwana Wekesa alininunia karibu mwaka mzima na kila bahasha ya kahawia ilimfanya asimame. Haikuja hata moja. Mimi nilimaliza miaka yangu, nikiandika nilichoona na kubishana kila ripoti ilipovuka barabara. Mara nyingi nilishindwa, mara chache nilishinda, na nyinyi mnaojua kukasirika kwangu kwenye vikao vya Ijumaa sasa mnajua kulianzia wapi.

Lakini ile Jumamosi haikuishia kwenye kikao. Mama Nasimiyu alinisindikiza mpaka barabarani, kama inavyotakiwa, ingawa sikustahili. Tulipita kando ya shamba lake ambalo tayari lilikuwa limetifuliwa. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alikuwa akifikiri.

“Madam, ile siku ya mkutano, ulikuwa unaogopa nini?”

Nikamwambia niliogopa mwenyekiti atatupeleka kortini.

Tukatembea kidogo. “Na mimi,” akasema, “hukuniogopa?”

“Hapana,” nikamwambia. “Wewe hukuwa na wakili.”

Akatikisa kichwa polepole, akaendelea kutembea. Tulipofika karibu na barabara alinishika mkono akanivutia upande wa juu wa njia, kwa sababu huku chini, akasema, kuna matope, na mimi nimevaa viatu vizuri.